Kima punju wa Jozani na lenzi ya kuazima

Jumamosi nilipanda daladala ya Jambiani nikashuka Jozani, msitu wa hifadhi wa Unguja, kamera shingoni, lenzi kubwa nimeazima kwa shemegi. Mzigo wa bure! Kima punju wako karibu mno, na mtembezaji hakuniachia kujisogeza: "Dada, rudi nyuma." Kuwalisha ndiyo marufuku kabisa. Nilinuna, kisha nikamshukuru. Kima asiyeghasiwa alikula majani machanga kwa raha zake, nikapata picha ya mkono wake wazi, hauna dole gumba.

Bibi yangu akiwachukia. Punju ni sumu, na wazee wakiamini mti wanaoula kima hawa hufa. Nilipomwonesha picha ya mama na kitoto kifuani, aliishika simu muda mrefu, akauliza tu, "Kina umri gani?" (Picha za Yosemite, bonde la Marekani, alizopiga Carleton Watkins mwaka 1861 zilifika hadi Washington, na mwaka 1864 Rais Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi bonde lile. Zangu zimefika kwa bibi.)

Njia ya mbao kwenye mikoko ni nzuri. Nendeni asubuhi, saa sita jua hupenya majani, picha zote madoa. Na dawa ya mbu msisahau.