TAHADHARI MAFUNDI WA MWANZA: nimeuziwa mota ya sevo ya wati 400 kwa bei ya wati 750

Ndugu zangu mafundi, jambo hili nimekaa nalo siku tisa bila kumwambia mtu isipokuwa mama watoto, kwa aibu. Leo naandika kwa sababu nimesikia kuna kijana wa Buhongwa anajichanga akanunue seti kama hiyo kwa muuzaji yule yule aliyeniuzia mimi. Nimepigwa laki saba na themanini, taslimu, mchana kweupe, nimesimama pale pale natazama.

Ninayo milingi ndogo, mashine ya kuchonga chuma, ilikuwa na mota ya brashi, na bodi ya umeme ya kuiendesha iliungua Januari. Bodi ilipoungua mara ya pili nikasema mota ya brashi basi. Ile hata ikiwa nzima, ukishusha mizunguko ukate chuma kwa endimili (kisu cha milingi) kubwa, inalia halafu inasimama. Sevo ya AC, mota inayoendeshwa na kisanduku chake kiitwacho draivu, haina tabia hiyo. Nguvu yake ya kuzungusha ni ile ile kuanzia chini kabisa mpaka mizunguko 3000 kwa dakika, na enkoda, kile kipimo kilicho mgongoni, inaiambia draivu kila wakati shafti imefika wapi. Ya wati 750 inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 2.4. Ukiipunguza kwa puli mara mbili, spindeli, shafti inayoshika kisu, inapata karibu 4.8 kwa mizunguko 1500, na kwa kazi zetu za shafti za propela na kaplingi za pampu hiyo inatosha. Hesabu hizi nilikuwa nazo kichwani. Sikwenda dukani kubahatisha, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Jamani, toka mwaka juzi nanunua kwake beringi, mikanda, kontakta. Kontakta moja ilikuwa mbovu, nikamrudishia, akanipa nyingine papo hapo bila kubishana. Na anajua kazi. Nilipomwambia nataka sevo ya spindeli, yeye ndiye aliyenitajia flanji (uso wa kufungia mota) ya milimita 80 na shafti ya 19 kabla mimi sijafungua mdomo. Mtu wa namna hiyo utamdhania nini?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, duka halina watu. Akaishusha mota rafuni, akailaza kaunta juu ya kipande cha gunia ili isibingirike. Ilikuwa nzito, nimeipokea kwa mikono yangu miwili. Lebo inasoma 0.75 kW. Akachomeka waya tatu za umeme wa mota, U, V, W, akachomeka enkoda, akawasha draivu, akaingia ile sehemu ya kujaribia bila kontrola, akaweka mizunguko 60. Shafti ikaanza kuzunguka polepole, kimya, kama inazunguka kwenye mafuta. Akanipa kitambaa. "Shika, fundi. Ishike kweli kweli, usiionee huruma."

Nikaishika. Kitambaa kikajisokota mkononi mwangu, kiganja kikapata moto, na shafti haikupunguza hata mzunguko mmoja. Nikaishika tena kwa mikono miwili. Wapi. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu miaka yote nimezoea mota ambayo ukiibana kidogo inazimika. Sasa nimepiga hesabu najua: shafti nyembamba ya milimita 19 huishindi kwa kiganja, na ya wati 400 nayo ingenishinda vile vile. Lile jaribio halipimi chochote.

Nikamhesabia hela. Draivu akaipaki mbele ya macho yangu, na kitabu chake. Mota akampa kijana: "Kaitafutie boksi nyuma, uweke na sponji, enkoda haitaki kugongwa." Mimi nikaletewa soda na kiti. Tukaongea habari za umeme na bei ya shaba. Kijana alikaa huko nyuma dakika tano, pengine saba. Akarudi na boksi limezungushiwa selotepu mpaka halionekani. Na muuzaji yule akaniambia neno ambalo nalisikia mpaka usiku nikilala: "Usilifungue njiani, fundi. Vumbi la barabara ya Igoma likiingia kwenye enkoda umeiua."

Ni kweli enkoda haitaki vumbi. Ni kweli haitaki kugongwa, ndiyo maana puli ya sevo huipigi nyundo. Alichukua ukweli wa kazi yetu akanifungia mdomo nao. Nikalipakata lile boksi kwenye daladala mpaka karakana kama nimebeba mtoto.

Nilipolifungua, moyo ulishtuka kidogo. Niliiona fupi. Lakini lebo ni 0.75 kW, flanji ikakaa kwenye bamba nililokwisha kulitoboa, matundu manne yote sawa, shafti ikaingia kwenye puli. Nikajiambia dukani niliiona kubwa kwa sababu ya kaunta. Laiti ningeipima uzito hapo hapo! Ya wati 750 ya flanji hiyo inakaribia kilo tatu. Hii nimeipeleka juzi kwenye mzani wa muuza samaki jirani, haifiki hata kilo mbili.

Jumamosi nikakata alumini, ikaenda vizuri. Jumapili mchana nikafunga shafti ya propela ya mzee mmoja wa Igombe, ambaye mtumbwi wake ulikuwa umelala wiki mbili, na advansi yake ndiyo ilikuwa nusu ya hela ya mota. Nikaanza kuchimba njia ya kii, ule mfereji wa kabari. Dakika kama ishirini hivi nikasikia harufu ya vanishi ya waya za mota. Nikagusa mota, mkono ukaruka. Na hapo ubavuni nikaona lebo imeinuka kona, gundi imeyeyuka kwa joto. Nikaishika kwa ukucha, ikabanduka yote. Chini yake kuna lebo nyingine, ya zamani, imekwanguliwa nusu: 0.4 kW, 1.27 N·m, 2 A.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Draivu imesetiwa kwa mota ya ampea 3, na mimi nikawa naisukumia mota ya ampea 2. Joto la waya linakwenda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ile mota ilikuwa inapata moto zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kabla sijaamka draivu ikapiga alamu. Enkoda imekufa.

Jumatatu nikarudi dukani. Hakupandisha hata sauti. "Fundi, umeunguza mwenyewe, na lebo umebandua mwenyewe. Mimi niliiwasha mbele yako." Wateja wawili walikuwepo, wakanitazama kama mimi ndiye mwizi. Kijana wa boksi hakuwepo. Toka siku ile simu yangu haipokei, na nikitumia namba ya mama watoto akisikia sauti yangu anakata.

Mtu huyu asiachwe. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302 kinasema kujipatia mali kwa udanganyifu ni kifungo cha mpaka miaka 7, na mimi nataka akipate. Anaharibu kazi za watu ambao chakula cha watoto wao kinatoka kwenye mashine moja. Risiti aliyonipa ni ya kuandika kwa mkono, imeandikwa "mota 1" bila namba ya utambulisho wa mota, bila wati, na nilipoomba ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, alisema mashine haina mtandao. Hapo ningeondoka, sikuondoka. Basi TRA nao wamtembelee wakague hiyo mashine isiyo na mtandao miaka yote. Tume ya Ushindani wapo hapa hapa mjini, bidhaa bandia ni kazi yao, wakafungue hilo stoo la nyuma waone lebo ngapi zimekaa juu ya lebo. Wakizikuta ziteketezwe mbele yake, na kijana wake naye aulizwe, maana mkono uliobadilisha mota ni wake.

Kijana wa Buhongwa, kama unasoma: wati ugawe kwa 314, ndiyo nyutoni mita za mota ya mizunguko 3000. Lebo ikisema vingine ni uongo. Ila hata hesabu ikikubali, lebo isugue kwa ukucha, mota ipimwe kwenye mzani, weka alama yako kwa maka kwenye mwili wa mota kabla haijaondoka kaunta, na usikubali iende nyuma hata kwa dakika moja. Akikataa, ondoka. Mimi sikufanya hata moja.

Jina lake sitaliandika hapa, nisije nikaharibu kesi. Anayetaka kulijua aje karakana nimwambie uso kwa uso. Mzee wa Igombe nimemrudishia advansi yake kwa hela ya kukopa, na shafti yake nimemalizia kwa tupa, siku tatu.

Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda polisi. Najua wapo wengine waliouziwa na mtu huyu wakanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Njooni na mota zenu. Lebo msizibandue, acheni zibanduliwe mbele ya askari.