Miezi mitano ya mazoezi Maisara, nikiwa kiziwi

Mimi ni kiziwi tangu nina miaka 6, na mazoezi ya pamoja nilishayakatia tamaa. Kikundi cha kwanza nilichojiunga nacho, mtaa mwengine wa hapa Mjini, Zanzibar, kilinipokea vizuri kisha kikanisahau. Mwalimu alitoa amri kwa mdomo na filimbi, katugeuzia mgongo. Nikaishia kumfuatisha aliye mbele yangu, kila hatua nimechelewa. Tukiinama, nikiinuka nawakuta wenzangu washafika zoezi jengine. Wiki mbili nikaacha.

Hiki cha Maisara ni tofauti kabisa. Mwalimu amejifunza lugha ya alama kwa viziwi wenyewe, na bado anakosea, lakini anauliza. Tumempa jina la alama: vidole viwili kifuani, pale inaponing'inia filimbi yake.

Ila alama peke yake haitoshi, na hili natamani kila kikundi kilijue. Huwezi kutazama mikono ya mtu huku umelala kifudifudi unapiga pushapu. Kwa hiyo yeye hueleza zoezi zima kwanza, akaonesha idadi kwa vidole, ndipo tunaanza. Tukiwa chini, jirani anayesikia hukugusa bega hesabu ikimalizika. Kusimama ni kitambaa chekundu hewani, kama refa wa mpira anavyotumia bendera kwenye Deaflympics, michezo ya viziwi ya dunia iliyoanza Paris mwaka 1924. Cha kunifurahisha, hata wanaosikia sasa wanakitazama kitambaa kuliko kusikiliza filimbi.

Taabu ya mwanzo ilikuwa giza. Tunaanza baada ya sala ya alfajiri, na mkono usipoonekana, kwangu mimi hakuna kilichosemwa. Tulilalamika, tukahamishiwa chini ya nguzo ya taa siku ile ile. Hapo ndipo nilipoamini kuwa nimefika kwetu.

Kilichobaki ni mchakamchaka wa barabarani. Anayeongoza nyimbo yuko mbele, wote wanaitikia, mimi naona midomo tu. Honi za nyuma hatuzisikii, kwa hiyo viziwi tunawekwa upande wa ndani, mbali na magari, hilo nalishukuru. Lakini nyimbo nazitaka pia. Wiki iliyopita dada mmoja alikimbia ubavuni pangu akinitafsiria kipande kipande, nikajua kumbe muda wote wanawatania waliobaki kitandani! Nilicheka mpaka nikasimama. Anatakiwa mtu kama huyo kila siku, si kwa bahati. Na Januari 1, Siku ya Mazoezi Kitaifa, vikundi vikikusanyika, nataka kumwona mkalimani juu ya jukwaa, si pembeni chini.

Mchango ni shilingi 1,000 kwa wiki, na mazoezi ni Jumamosi na Jumapili. Ndugu zangu viziwi, mkija simameni mstari wa mbele, upande wa nguzo. Mwanga wa hapo unatosha.