Jengo la Bunge la Zamani, Vandalia: ukipita barabara ya 70, shuka

Saa zangu za kuendesha ziliniishia Vandalia, Illinois. Ghala nililokuwa nalipelekea mzigo (silitaji, wanajijua) lilisogeza miadi hadi Jumatatu, na sheria ya mapumziko ya saa 34 ikaniweka kwenye kituo cha malori kando ya barabara kuu ya 70, kama maili 70 mashariki ya St. Louis. Kulala nimelala, chai nimepika, mama watoto nimempigia Mombasa mpaka akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Basi nikafunga lori, nikashika njia ya mjini kwa miguu.

Jengo hilo la zamani la bunge la jimbo la Illinois hulikosi. Jeupe pe, ghorofa moja juu, matofali yaliyopakwa rangi, limekaa peke yake kwenye nyasi. Zile nguzo za barazani zisikudanganye, ziliongezwa baadaye lilipokuwa mahakama ya kaunti. Tiketi hakuna, ni mchango wa hiari, nami nikatoa dola 5.

Chini ni ofisi na mahakama kuu ya jimbo. Pita haraka, uhondo uko juu. Kwenye ukumbi wa wawakilishi kuna meza, vinara vya mishumaa, vidau vya wino na manyoya ya kuandikia, kila kitu kimepangwa kama vile waheshimiwa wametoka kuvuta hewa. Nilisimama nyuma ya meza moja nikapima kwa magoti yangu, nami si mrefu. Abraham Lincoln, futi sita na inchi nne, aliingia humu Desemba 1836 akiwa na miaka 27, plasta ya ukutani ingali mbichi.

Sote tunamjua yule wa ndevu, rais wa wakati wa vita. Wa Vandalia hana ndevu wala hana hela. Duka lake kule New Salem lilikufa likamwachia madeni. Aligombea ubunge wa jimbo 1832 akawa wa nane kati ya wagombea 13. Akarudi 1834, akashinda, kisha akamkopa jirani dola 200, na 60 kati ya hizo akashonea suti. Nilicheka peke yangu mpaka mzee mmoja akanigeukia. Mheshimiwa wa kwetu naye akitangazwa leo, kesho yuko kwa fundi! Kikao chake cha kwanza, lakini, hakikuwa hapa. Kilikuwa kwenye jengo lililotangulia, bovu, lililobomolewa 1836.

Na hapo ndipo kisa kinapokolea. Vandalia ilikuwa imepewa makao makuu ya jimbo kwa miaka 20 tu, na miaka ilikuwa inayoyoma. Wenyeji wakalibomoa lile bovu na kuliharakisha hili kiangazi cha 1836, wakitumaini wabunge wataona haya kuhama. Wabunge wakaja, wakakaa, wakaota moto wa wenyeji, na humu humu wakapiga kura ya kuondoka. Waliokuwa mbele ni wajumbe wa kaunti ya Sangamon, uliko mji wa Springfield, wawakilishi saba na maseneta wawili, wote warefu hata wakabandikwa jina la Tisa Warefu. Lincoln alikuwa mmoja wao. Februari 28, 1837, katika duru ya nne, Springfield ikashinda kuwa makao makuu mapya.

Wengi husema kura hizo zilipatikana kwa nipe nikupe: kaunti hii ipewe reli, ile ipewe mfereji, ile nyingine barabara. Wapo wanahistoria wanaolibisha hilo. Lisilobishwa ni kwamba kikao hicho hicho kilipitisha mpango wa ujenzi wa dola milioni 10, Lincoln akiushabikia kwa moyo wote, na mpango ukaja kulididimiza jimbo zima kwenye madeni. Mtu wa Mombasa akisikia reli na deni katika sentensi moja hahitaji mkalimani.

Lililonikalisha kitako ni jingine. Januari 1837 bunge lilipitisha maazimio ya kulaani vyama vya kupinga utumwa: 77 wakakubali, 6 wakakataa, Lincoln akiwa katika hao sita. Machi 3, yeye na mwenzake Dan Stone wakaweka pingamizi la maandishi kwamba utumwa umesimama juu ya dhuluma na sera mbovu. Sasa hesabu siku. Kura ya Springfield Februari 28, pingamizi Machi 3. Yaani alingoja biashara yake ikamilike kwanza. Tena maandishi hayo hayo yanaongeza kwamba mahubiri ya wapinga utumwa huzidisha ubaya wake kuliko kuupunguza. Mimi mtu mweusi, nimesimama kwenye chumba hicho, nilikunja uso. Halafu nikazitazama meza zote zile. Wengine wote nao biashara zao ziliisha siku ile ile, na bado sahihi zilipatikana mbili.

Ukitaka kuona lile dirisha Lincoln aliloruka kutoka kikaoni, usisumbue watu wa hapa. Hilo lilikuwa Springfield, Desemba 1840, alipotaka kuvunja akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiendelee. Aliruka bure, akidi ilikuwa imeshatimia.

Nilikaa humo karibu saa mbili, na ningekaa zaidi. Ushauri wangu: trela iache kituoni, mitaa ya huku ni myembamba, na ghorofa ya juu ipe muda kuliko ya chini.

Ng'ambo ya barabara kuna Lincoln wa shaba ameketi kwenye benchi, nafasi imebaki kando yake. Nikakaa, nikatoa chapati zangu mbili za jana. Ya pili sijaimaliza, dispacha, yule anayetupangia mizigo, akapiga: ghala limebadili tena, wanautaka mzigo usiku huu. Nikamwambia saa zangu 34 hazijatimia, nikaendelea kula.