Felixstowe F.2A: tumbo zuri, mabomba mabovu

Kwenye picha, jicho linakimbilia mbawa za F.2A: mita 29.15 kutoka ncha hadi ncha, ghorofa mbili, nyaya kila upande. Fundi wa boti wa Ggaba au Katosi, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, afadhali aanzie chini. Ubora wa ndege-boti hii ya Waingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia uko tumboni, yaani sehemu ya chini inayoelea kama boti, na hapa tunaipima kama chombo ambacho mtu angetaka kukifunga gatini Port Bell, bandari ya Kampala.

Asili yake ni Curtiss America ya 1914, iliyoundwa Marekani kwa fedha za Rodman Wanamaker ili ivuke Atlantiki. Rubani aliyeteuliwa alikuwa John Cyril Porte, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza. Vita vikalipuka Agosti, safari ikafa, naye akarudi jeshini na kuwashawishi wakubwa wake wanunue ndege hizo. Toleo la H-4 halikufaa: injini hazikuwa na nguvu ya kutosha, na tumbo halikuhimili mawimbi ya Bahari ya Kaskazini. H-12 ikaja kubwa zaidi, ila tumbo lilibaki na udhaifu uleule. Porte, akiwa katika kituo cha ndege za majini cha Felixstowe, Uingereza, akaziacha mbawa na kushughulikia mbao. F.2A, kwa ufupi, ni mbawa na mkia wa H-12 zilizowekwa juu ya tumbo jipya.

Tumbo hilo ni boksi refu la mbao lililokazwa kwa mihimili ya mshazari, kama kenchi ya paa. Chini lina umbo la V lenye vidato, yaani mikato kama ya ngazi, na vidato ndivyo vinavyostahili pesa yako. Boti ikishika kasi, maji hung'ang'ania sehemu ya nyuma na kuivuta chini. Kidato huyakata, hewa ikaingia nyuma yake, chombo kikateleza juu ya eneo dogo tu. Kikiwekwa nyuma mno ya kitovu cha uzito, rubani atashindwa kuinua pua. Kikiwekwa mbele mno, ndege itadundadunda juu ya maji hadi kitu kivunjike.

Injini ni mbili za Rolls-Royce Eagle VIII, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 345. Mwendo wa juu ni karibu kilomita 153 kwa saa, ikiwa na watu wanne, bunduki za rashasha za Lewis kuanzia nne na mabomu mawili ya kilo 104. Inakaa angani saa sita hivi. Hiyo ilitosha kuwinda nyambizi kuzunguka North Hinder, meli-taa (meli iliyotia nanga yenye taa ya kuongoza vyombo) katika Bahari ya Kaskazini, ambako doria zilipangwa kwa umbo la utando wa buibui wenye mikono minane, kila mkono maili 30.

Sasa mabaya. Petroli hukaa kwenye matangi tumboni, kisha pampu zinazozungushwa na upepo huipandisha hadi tangi dogo la juu linaloshusha mafuta kwenye injini. Mnyororo huo ni mrefu mno. Tarehe 4 Juni 1918, karibu na pwani ya Uholanzi, F.2A moja ililazimika kutua majini kwa hitilafu ya bomba la mafuta kabla hata ya mapambano na ndege za Wajerumani kuanza. Baada ya siku hiyo zikaanza kupakwa rangi kali, kila moja kwa mchoro wake, ili iliyotua baharini ionekane. Rangi ilisaidia tu ndege kupatikana. Bomba lenyewe lilibaki bomba.

Kasoro ya pili mafundi wa hapa wanaijua: mbao hunywa maji, na kila kilo iliyonywewa ni kilo ya petroli isiyobebwa. Tiba halisi ilikuwa metali nyepesi. Mwaka 1924 kampuni ya Short iliunda tumbo la metali kwa F.5, ndege-boti ya baadaye ya ukoo huohuo. Ndege-boti za abiria za Empire zilizotua Port Bell kuanzia 1937 zilikuwa za metali tayari.

Kwenye ziwa letu, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa takriban asilimia kumi, na injini zisizo na kishindilia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Maji yasiyo na chumvi nayo ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo tani zake tano hukaa chini kidogo zaidi. Siku ya shwari kabisa ndiyo mbaya: mvuto wa maji haukatiki, hata vidato vikiwepo. Tuma boti ya injini ipite mbele na kuvuruga uso wa maji, kisha rubani ayumbishe pua juu na chini mpaka ichomoke. Faida ipo: hakuna chumvi ya kula nyaya wala mdudu wa baharini wa kutoboa mbao. Lakini maji ya mvua yakituama ndani, mbao huoza upesi. Zibua matundu ya kutolea maji kila ikivutwa nchi kavu.

Ukipewa chaguo kati yake na F.3, ndugu yake mkubwa zaidi, usidanganywe na mabomu manne. F.3 inabeba zaidi lakini ni nzito kugeuka, na marubani waliokuwa wakipambana na ndege za adui walipendelea F.2A. Na katika F.2A zenyewe, chagua za mwisho, zenye chumba cha rubani kilicho wazi: kibanda cha vioo cha mwanzo kiliwapunguzia uwezo wa kuona na kupunguza mwendo.