Mita ya Maji kwa Mtiririko Mdogo Kiwandani: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Kosa kubwa katika ununuzi wa mita ya mtiririko hufanyika kabla hata aina ya mita haijajadiliwa, pale mnunuzi anapotazama kipenyo cha bomba lililopo na kuagiza mita ya ukubwa huohuo. Mabomba ya kiwandani kwa kawaida huwekwa makubwa kuliko mahitaji, ili presha isipotee njiani na ili kuacha nafasi ya upanuzi, lakini mita haihitaji ukarimu huo. Mtiririko wa lita 5 kwa dakika ndani ya bomba la milimita 25 huenda kwa kasi ya takriban mita 0.17 kwa sekunde. Maji hayohayo yakipita katika mita ya milimita 10, kasi hupanda hadi zaidi kidogo ya mita 1 kwa sekunde, na hapo takriban kila aina ya mita husoma vizuri zaidi. Jambo la kuanzia, basi, ni kiwango cha chini kabisa ambacho ni lazima kisomwe. Kulipunguza bomba kwa kipande kifupi kabla na baada ya mita ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na mita isiyosoma.

Jambo la pili hujificha katika karatasi ya maelezo ya bidhaa. Usahihi wa asilimia 1 unaweza kuwa asilimia 1 ya kiasi kinachosomwa au asilimia 1 ya upeo wa mita, na tofauti yake si ndogo. Mita yenye upeo wa lita 100 kwa dakika, ikiahidi asilimia 1 ya upeo, imeruhusiwa kukosea lita 1 kwa dakika wakati wote. Mtiririko ukishuka hadi lita 5, kosa hilo limekuwa asilimia 20. Muuzaji asiyeweza kueleza ni asilimia ya nini, asiaminiwe.

Kwa maji ya kawaida ya kiwandani, nafasi ya kwanza naipa mita ya sumakuumeme yenye kipenyo kidogo. Hufanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: maji yanayopitisha umeme yakikatiza uga wa sumaku, huzalisha volti inayolingana na kasi yake. Haina kitu kinachozunguka wala kinachochakaa, haizuii maji, na nyingi husoma kwa kosa la takriban asilimia 0.5 ya kipimo, mradi kasi isishuke sana chini ya mita 0.3 kwa sekunde. Masharti yake ni mawili na hayana mjadala. Kwanza, bomba lijae maji wakati wote, na ndiyo maana ni vyema kuifunga kwenye bomba la wima ambalo maji hupanda. Pili, maji yapitishe umeme wa kutosha, na watengenezaji wengi hutaka angalau maikrosimensi 5 kwa sentimita (kipimo cha uwezo wa maji kupitisha umeme). Maji ya kisima, ya bomba na hata maji taka hupita kiwango hicho kwa urahisi, lakini maji safi kabisa yaliyoondolewa chumvi hufikia 0.055 tu katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, na mbele ya maji hayo mita hii ni kipofu. Kwenye bomba la plastiki, usisahau pete za kuunganisha maji na waya wa ardhi. Bila hizo usomaji huyumbayumba, na lawama huangukia mita isiyo na kosa.

Nafasi ya pili ni mita ya ujazo, inayohesabu vifungu vya maji kwa pistoni au kisahani kinachoyumba ndani ya chemba. Haijali kama maji yanapitisha umeme, haihitaji bomba refu lililonyooka mbele yake, na baadhi hufanya kazi bila umeme wowote. Kiwango cha kimataifa cha mita za maji, ISO 4064, hukusaidia kuzilinganisha: mita yenye Q3 (mtiririko wa kudumu iliyoundiwa) ya mita za ujazo 2.5 kwa saa na uwiano wa R160 (yaani Q3 ni mara 160 ya mtiririko wa chini kabisa) huanza kupima kwa masharti ya kiwango hicho kutoka takriban lita 15.6 kwa saa. Adui yake ni mchanga, hivyo chujio kabla ya mita si hiari. Jamii yake yenye gia za mviringo nisingeichagua kwa maji, kwa kuwa maji ni mepesi kutiririka na huponyoka kati ya gia. Hiyo ni mita ya mafuta.

Ya tatu ni mita ya ultrasoniki, inayopima kwa mawimbi ya sauti, iliyojengwa ndani ya kipande chake cha bomba, inayofaa pale maji yaliyoondolewa chumvi yanapoiondoa ya kwanza, ingawa mapovu ya hewa huivuruga. Mita ya Coriolis, inayopima uzito wa maji yanayopita kwa mrija unaotetemeshwa, ndiyo sahihi kuliko zote, na ingekuwa ya kwanza kama bei isingehesabiwa. Inastahili fedha zake pale tu kila gramu inapoingia katika mchanganyiko wa bidhaa. Turbini, yenye gurudumu linalozungushwa na maji, ni nafuu, lakini msuguano wa beringi huifanya isome pungufu maji yanapopungua, na hudai bomba lililonyooka lenye urefu wa takriban vipenyo 10 kabla yake. Rotamita, yaani mrija wa wima wenye kielea kinachopandishwa na maji, itoshe kwa kutazama kwa jicho tu.

Mita za voteksi (zinazohesabu vizingia vya maji nyuma ya kizuizi) na za sahani yenye tundu ziachwe. Ya kwanza hunyamaza kabisa mtiririko ukiwa mdogo. Ya pili hupima tofauti ya presha, na mtiririko ukishuka hadi robo, tofauti hiyo hubaki asilimia 6.25 tu ya ile ya awali.

Kabla ya kulipa, dai cheti cha kalibresheni (ulinganishaji wa mita na kipimo sahihi) chenye kipimo kilichofanyika karibu na kiwango chako cha chini. Baada ya kuifunga, kinga maji kwenye ndoo juu ya mizani: lita 25 za maji ya nyuzijoto 20 zina uzito wa takriban kilo 24.95. Kagua pia mpangilio unaoifanya mita ionyeshe sifuri chini ya kiwango fulani, kwani ukiwekwa juu mno, uvujaji wa usiku kucha hautaonekana popote.