Stauti ya pipa la mvinyo: bia nimeipenda, yule jamaa wa kaunta sitamsahau

Wadau wa bia nyeusi mlioko huku Uingereza, hii inawahusu. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Juzi kati hapa niliingia baa moja Sheffield, jina naliacha, nikakuta wana stauti iliyolazwa miezi kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokuwa na mvinyo mwekundu, halafu ikahamishiwa kwenye pipa la kawaida ikiwa na chachu yake hai, yaani inaendelea kuiva humo humo mpaka siku ya kunywewa, haisukumwi na gesi, inavutwa kwa pampu ya mkono. Jamani. Mimi Guinness nimeanza kuinywa Moshi, chupa imetoka frijini mpaka inatoa jasho, ila hii inakuja na ubaridi wa maji ya mtungi tu, na ndiyo maana unaisikia yote: kakao kwanza, halafu zabibu zilizoiva sana, halafu ule ukakasi wa mti unaokausha ulimi kama umetafuna kokwa la zabibu, na mwisho kauchachu kadogo kanakokufanya umeze mate na kurudi tena kwenye glasi. Nusu painti niliinywa karibu saa nzima. Nikampigia shemeji yangu wa Leeds pale pale nikamwambia shem, wikiendi unakuja huku, usibishe.

Akaja. Siku kama nne tano zilikuwa zimepita. Jamaa wa kaunta, siyo yule wa mara ya kwanza, akavuta pampu, povu likaja jembamba na likafa kabla hata glasi haijatua kaunta. Nikanusa. Siki. Sisemi uchachu, nasema siki, ile ya kachumbari inayopanda mpaka puani. Kakao hamna, zabibu hamna.

Nikamwambia kwa adabu kabisa, samahani kaka, naona hili pipa limeshaharibika. Hakunusa, hakuonja. Akaniangalia, akamwangalia shemeji, akasema, "Hiyo ndiyo ladha ya pipa la mvinyo, sio kila mtu anaielewa. Lager ziko upande ule."

Lager ziko upande ule! Yaani niende kwenye zile bia nyepesi za kawaida!

Mimi nimekulia Kibosho, kwenye nyumba iliyopika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Bibi yangu alikuwa akiichota kwa kata, anaionja kidogo, anakwambia hii ya leo, hii ya jana, hii mpeni fulani anapenda kali, hii mwageni. Uchachu wa pombe inayoiva na uchachu wa pombe iliyokufa nimejifunza kuutenganisha kabla sijaruhusiwa kunywa. Halafu mtu ananielekeza kwenye lager kwa sababu ameniangalia usoni akaamua sijui ninachokunywa.

Na sababu yenyewe wala sio siri, mtu anayeuza bia hizi lazima aijue. Pipa hai likishafunguliwa, kila painti inayotoka hewa inaingia nafasi yake, na hewa ndiyo inayoigeuza pombe siki. Ni siku tatu hivi, ukibahatika zaidi kidogo. Pipa la kawaida lina painti 72, na bia nzito ya bei kama hii watu wanaagiza nusu nusu au theluthi, kwa hiyo haliishi haraka. Ungenunua pipa dogo basi! Au ukiona halitembei, litoe. Kule kulazwa kwenye mwaloni hakuwezi kuwa kisingizio cha kila harufu mbaya.

Sasa kilichonimaliza ni hiki. Tukiwa tumesimama pale, mzee mmoja mwenyeji, mtu wa pale pale naona, akaagiza hiyo hiyo. Akanywa funda moja, akairudisha kaunta, akasema hii imekwisha, kijana. Jamaa akasema samahani sana, akaimwaga ile glasi, akampa bia nyingine bila swali hata moja, halafu akakigeuza kile kibao cha jina la bia kwenye mpini wa pampu kitazame nyuma, ambayo huku maana yake haiuzwi tena. Yote hayo glasi yangu iko mbele yake, imejaa. Hata macho hakunitupia. Shemeji alitaka kuongea nikamshika mkono tukatoka.

Kwa hiyo msiende. Nilikuwa naandika hivyo, baa nyota moja na ningeweza kutoa sifuri ningetoa. Lakini ile stauti ya siku ya kwanza ni bia bora niliyowahi kunywa tangu nije nchi hii, na walioipika hawana kosa, nyota tano zao ziko pale pale. Mkienda, ulizeni kwanza pipa limefunguliwa lini, na ombeni kuonja kabla ya kulipa, huku ni kawaida, hawakatai. Mimi nadhani nitarudi wakifungua jipya. Sijui. Nikiikumbuka ile harufu ya zabibu nasema nitarudi, nikikumbuka ule mkono ukigeuza kibao nasema hapana, siendi.

Na hela yangu hajarudisha.