Kava la mfuko wa maji kwenye begi la ALICE: linakaa vizuri ukishalifunga kwa kamba

Begi langu ni ALICE saizi ya kati, mtumba wa jeshi la Marekani, lile la fremu ya aluminiamu mgongoni na mifuko mitatu kwa nje. Kava nililoongeza ni la MOLLE, mfumo mpya zaidi wa jeshi hilohilo, la kubebea mfuko wa maji wa lita 3, ule wa kunywea kwa mrija. Ukiviweka pamoja vyote kijani, vyote vya jeshi moja, unaona kabisa hivi vitaingiliana bila shida, na mi ndivyo nilivyoamini mpaka siku nilipokaa chini kuvifunga.

Tatizo ni umri. ALICE ilianza kutumika 1973, MOLLE ikaja mwishoni mwa miaka ya 1990, na ule mfumo mpya unategemea ngazi ya tepe zilizoshonwa kwenye begi, kila tepe upana milimita 25, nafasi kati ya tepe na tepe milimita 25, na mshono kila baada ya milimita 38, ndo mikanda ya nyuma ya kava inasukwa humo inaingia inatoka mpaka inakaza. ALICE haina hiyo ngazi. Ina vitanzi vichache tu, kwa hiyo mikanda ya kava inabaki inaning'inia haina pa kushika.

Kwanza nilijaribu klipu za chuma za ALICE, zile za kuteleza, nikazibana kwenye vitanzi vya begi na kwenye mikanda ya kava. Zinashika kweli, ila kava likijaa linakuwa na kilo 3 za maji zinazocheza, kila hatua linapiga kushoto linapiga kulia, chuma kinalia, na baada ya mwendo wa saa mbili nikakuta klipu moja imeanza kula uzi wa mshono pale juu. Nikazitoa zote. Kwa kitu kigumu kisichotikisika ni nzuri sana, ila kwa maji sikushauri.

Nikahamia ndani. Hili begi lina mfuko wa redio, umeshonwa upande wa mgongo, na kwa uzito hapo ndo penyewe kabisa, maji yanakaa karibu na uti wa mgongo hulisikii begi likikuvuta nyuma. Ukiwa na mizigo michache weka tu mfuko wa maji humo bila hata kava, mrija upitishe pale kwenye mdomo wa kamba ya kuvutia, basi umemaliza. Lakini begi likijaa mambo yanabadilika, nguo zinaubana mfuko, na ukitaka kuongeza maji njiani inabidi utoe nusu ya mzigo uuweke chini kwenye vumbi, halafu ukirudisha mfuko uliojaa haushuki vizuri unabidi usukume kwa ngumi. Na mi siku moja kifuniko cha mfuko wa maji kilikaa upande, sikukifunga sawa, nikafika nakuta sweta, soksi na blanketi vyote vimelowa. Usiku ule baridi niliisikia mpaka kwenye mifupa, na tangu hapo maji yangu hayalali tena na nguo.

Sasa ninavyofunga siku hizi ni hivi. Kava linakaa nje, katikati, juu ya mfuko wa kati, na ile mikanda miwili mirefu ya mfuniko wa begi inapita juu yake na kulikandamiza. Kile kitanzi cha juu cha kava nakifunga kwa kamba ya parachuti, naipitisha chini ya mfuniko mpaka kwenye bomba la juu la fremu, yaani uzito unabebwa na aluminiamu, siyo na kitambaa. Hiyo kamba inahimili karibu kilo 250 kwa hiyo kwa maji haina wasiwasi. Chini nafunga pande mbili, kushoto na kulia, kwenye vitanzi vya begi. Hizo pointi za chini usiziruke, ukifunga juu peke yake kava linageuka kengele. Vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya nilivitumia mwanzo, vinafanya kazi, ila kikikatika porini ndo basi, kamba unaifungua unaifunga tena.

Ndiyo, uzito ukiwa nje unakuvuta nyuma kidogo, hilo silifichi. Dawa yake ni kupanga vitu vizito kwenye ule mfuko wa redio na nguo ziende nje, na kunywa mapema, maana kila ukinywa mzigo unapungua. Mi nakubali huo mvuto kuliko kulala na blanketi bichi, na kujaza maji sasa nafungua vishikizo viwili tu, begi lenyewe siligusi.

Mrija nao uangalie sana. Pale unapotoka chini ya mfuniko kuja begani unakunjika, unavuta kwa nguvu zote hakuna kitu kinakuja, ukidhani maji yameisha kumbe mkanda umeukalia. Niliupitisha pembeni ya kishikizo badala ya chini yake, ukafunguka. Halafu kama mkanda wa bega una kile kifyatuo cha kuachia begi haraka, mrija ufunge bega la pili. Jua likiwa kali ukimaliza kunywa puliza maji yarudi ndani, yakibaki kwenye mrija fundo la kwanza linakuwa moto kama chai.

Kava lenyewe nimelipenda mno, kitambaa kigumu, zipu haijawahi kugoma, na chini lina tundu la kutolea maji yakivuja. Ukikumbuka kwamba wazo hili Michael Eidson, yule mwanzilishi wa CamelBak, kampuni ya mifuko ya maji, alilianza 1988 kwenye mbio za baiskeli Texas kwa mfuko wa dripu ndani ya soksi, unaona limefika mbali kweli. Nalipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya mikanda ya nyuma, wangeweka hata vitanzi viwili vya ziada pembeni watu wa mabegi ya zamani tusingehangaika na kamba.